Gari linachemsha: maswali ninayoulizwa gereji kila wiki

Gereji yetu iko Morogoro, kando ya barabara ya Iringa, kwa hiyo magari yaliyochemsha tunayapata ya pande zote mbili: yanayotoka Dar es Salaam baada ya kukaa foleni ya Kimara na Mbezi tangu alfajiri, na yale yanayoletwa juu ya lori kutoka Kitonga. Wenyewe wanauliza maswali yaleyale, nami nimechoka kuyajibu huku mikono ina grisi, ndiyo maana nimeyaandika. Mifano mingi ni ya Toyota kwa sababu ndizo zinazoingia getini kwetu.

Mshale wa joto unapanda na niko njiani. Nifanye nini sasa hivi?

Zima AC. Halafu washa hita, joto la mwisho na upepo wa mwisho, ushushe vioo vyote. Najua ni Februari, ni saa saba mchana, na mama mkwe amekaa nyuma. Vumilieni. Hita ni rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, na maji yanayopita humo ni yaleyale ya injini. Joto linalowachoma usoni lilikuwa limeelekea kwenye silinda hedi, kile kipande kinachofunika silinda kwa juu. Kama mko kwenye foleni, weka nyutro na ukanyage mafuta kidogo, injini izunguke kama 1,500 hadi 2,000 kwa dakika, ili pampu isukume maji vizuri zaidi.

Dakika moja au mbili zikipita na mshale haujaanza kurudi, au ukiona mvuke unatoka kwenye boneti, toka barabarani na uzime injini. Hapa ndipo wengi wanapojimaliza: "ngoja nifike sheli ile pale." Injini nyingi za gari ndogo tunazoendesha zina hedi ya alumini, na nyingine hata bloku, mwili wenyewe wa injini, ni alumini. Ikipita kiwango chake inapinda, na haihitaji safari ndefu kupinda. Kilometa mbili za kujikaza ndizo zinazogeuza kazi ya kubadilisha mpira wa rejeta kuwa kazi ya kufungua injini.

Ukishasimama, weka pembetatu, fungua boneti kwa uangalifu, kaa pembeni. Usimwagie injini maji ya baridi, hata kama utingo wa lori lililosimama kukusaidia ameshakuja na dumu lake kwa moyo mweupe. Mshukuru, mwambie liwekwe chini kwanza.

Nimesubiri dakika kumi. Naweza kufungua kifuniko cha rejeta?

Hapana.

Angalia juu ya kifuniko, utaona namba kama 0.9 au 1.1. Hicho ndicho kiasi cha mgandamizo ambao kifuniko kinauzuia kabla hakijaachia. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100. Ukiwa Mbeya au Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, yanachemka karibu na 94. Huko pwani kifuniko cha 0.9 kikiwa kizima kinayabana maji hata yafike kama 118 bila kuchemka. Sasa wewe unafungua. Mgandamizo unatoka mara moja, na maji yaliyokuwa yametulia kwenye nyuzi 110 yanageuka mvuke papo hapo na kuruka juu, usoni na kifuani. Mafundi wenye makovu ya aina hiyo ni wengi kuliko unavyodhani.

Subiri dakika 45, ikibidi saa nzima. Shika mpira wa juu wa rejeta: ukiweza kuushika bila kuruka, na ukiuminya unabonyea, mgandamizo umepungua. Weka kitambaa kinene kilichokunjwa, simama pembeni, zungusha hadi kituo cha kwanza, acha ipumue, ndipo uondoe. Kama injini bado ina vuguvugu, iwashe halafu mimina maji taratibu yakiwa yanazunguka.

Na kifuniko chenyewe kikague. Springi yake huchoka, mpira wake hukauka na kukatika. Kifuniko kibovu kinasukuma maji kwenye chupa ya akiba bila kuyarudisha. Utaona chupa inajaa hadi kufurika wakati rejeta ina upungufu. Dalili nyingine ni mpira wa juu kunywea kama chupa iliyofyonzwa asubuhi gari likiwa la baridi. Ni spea ya bei ndogo kuliko zote katika mfumo huu, na ndiyo inayosahaulika.

Mshale ulipanda hadi juu, halafu ukashuka wenyewe hadi chini. Limepona?

Simama upesi kuliko ulivyotaka kusimama mwanzo. Sensa ya joto inapima ikiwa imezama ndani ya maji. Maji yakiisha, sensa inabaki hewani, na mshale unaweza kuanguka wakati injini inaungua. Nimeshafungua injini ambazo wenyewe waliniambia, "lakini mshale ulikuwa umerudi chini, fundi."

Jambo la pili kuhusu mshale: kwenye magari mengi ya kisasa umetengenezwa usimtishe dereva. Maji yakipanda kutoka nyuzi 80 na kitu hadi 100 na kitu, mshale unabaki katikati umelala. Ukiuona umesogea, ujue joto lilishaanza kusogea zamani.

Gari langu halina mshale kabisa.

Passo na Vitz za matoleo kadhaa ziko hivyo. Una taa ya bluu, maana yake injini bado baridi, na taa nyekundu, maana yake umechelewa. Kama unasafiri sana, nunua kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani, kikuonyeshe namba halisi kwenye simu. Injini isiyo na hitilafu ya aina hiyo itakuonyesha 80 na kitu hadi 90 na kitu. Ikizidi 105 na bado inapanda, usisubiri taa.

Linachemsha kwenye foleni tu. Likitoka barabara kuu linatulia.

Hiyo ni feni mpaka ithibitike vinginevyo. Gari likikimbia kilometa 60 kwa saa, upepo wa safari unatosha kuipoza rejeta. Likisimama, mzigo wote ni wa feni.

Washa gari, washa AC. Kwenye magari mengi feni inatakiwa izunguke pale pale au muda mfupi baadaye. Zima AC, acha injini ipate moto hadi iwake yenyewe. Isipowaka, anza na fyuzi. Kisha rilei, ile swichi ndogo ya umeme: mara nyingi kwenye boksi hilo hilo kuna nyingine ya namba zilezile, labda ya honi, zibadilishane ujue. Kisha chomoa soketi ya sensa ya joto. Kwenye Toyota nyingi, kompyuta ikikosa taarifa ya sensa inawasha feni kwa usalama. Ikizunguka, mota ni nzima na shaka inahamia kwenye sensa au nyaya zake. Isipozunguka, ipelekee mota umeme wa betri moja kwa moja. Kuna mota ambayo haianzi mpaka uigonge kwa mpini wa bisibisi. Hiyo kaboni zake zimekwisha, na siku moja hutakuwa na bisibisi.

Usiridhike kwa kuona feni inazunguka. Weka karatasi mbele ya rejeta, upande wa show, yaani grili ya mbele: ivutwe na kunata. Ikipeperushwa mbele, mtu alibadilisha nyaya za mota na feni inazunguka kinyume, inapigana na upepo wa safari. Nimekutana na hilo zaidi ya mara moja, kwenye gari lililokuwa limeshabadilishiwa rejeta na pampu. Angalia pia kava la plastiki linalozunguka feni. Wengi hulitoa ili wapate nafasi ya kufanya kazi nyingine, kisha hulirusha nyuma ya gereji. Bila kava, feni inavuta hewa ya pembeni, si ile inayopita kwenye rejeta.

Hilux, Prado na Hiace za zamani zina feni ya klachi, inayozungushwa na mkanda na kukazwa na mafuta ya silikoni ndani yake. Injini ikiwa imezimwa, izungushe kwa mkono. Ikizunguka mizunguko mingi kama pangaboi, silikoni imevuja. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, inatakiwa iwe nzito zaidi kuliko asubuhi.

La kwangu mjini halina shida. Linachemshia Kitonga.

Au Sekenke, au mlima wowote mrefu wenye mzigo. Hapa feni siishuku sana, nashuku maji hayapiti ya kutosha. Rejeta imeziba ndani kwa kutu na chumvi, au nje kwa vumbi, nyasi na wadudu waliokaangwa kati yake na kondensa, ile rejeta ya AC iliyo mbele yake. Nje ni rahisi: mwagia maji kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa msukumo mdogo, maana mashine ya kuoshea magari inalaza mapezi yote ukiiruhusu. Ndani, pitisha kipimajoto cha mwanga juu ya rejeta injini ikiwa ya moto. Joto linapaswa kupungua taratibu kutoka inakoingia hadi inakotokea. Ukikuta mabaka ya ubaridi katikati, hapo maji hayapiti.

Halafu shika mpira wa chini. Wa juu ukiwa wa moto wa kuunguza na wa chini baridi, maji hayazunguki: thamostati (mlango unaoruhusu maji kwenda kwenye rejeta) imefunga, rejeta imeziba, au pampu imechoka. Kuna pampu ambazo mapanga yake yameliwa na kutu hadi yakabaki vijiti. Kwa nje haivuji, mkanda unaizungusha, ndani haisukumi kitu. Angalia pia mpira wa chini dereva akikanyaga mafuta: ukinywea, unafyonzwa na pampu na kujibana, badilisha.

Ukiwa bado hujatengeneza na ni lazima upande, zima AC tangu chini, weka gia ndogo, acha injini izunguke kwa wepesi. Anayeng'ang'ania gia kubwa huku injini inanguruma kwa uzito anaongeza joto na anapunguza mwendo wa pampu na feni kwa wakati mmoja.

Fundi wangu aliitoa thamostati. Anasema ni ya nchi za baridi.

Hili ndilo swali linalonifanya niache spana chini.

Thamostati ni mlango mdogo wenye nta ndani. Nta ikipata joto inavimba, inasukuma kipini, mlango unafunguka na maji yanaenda kwenye rejeta. Joto la kufungukia limepigwa chapa kwenye chuma chake, mara nyingi 82 au 88. Hakuna chochote ndani yake kinachojua kama uko Hokkaido au Dodoma. Walioiweka walitaka injini ifike kwenye joto lake haraka na ikae hapo, kwa sababu nafasi kati ya pistoni na ukuta wa silinda, wepesi wa oili na kipimo cha petroli vyote vimepangwa kwa joto hilo.

Ikitolewa, kwenye barabara kuu injini inakuwa baridi kupita kiasi. Kompyuta inadhani ni asubuhi na inaendelea kumwaga petroli ya ziada. Maji na petroli vinavyopenya hadi kwenye oili havipati joto la kuvikausha, oili inageuka tope. Unalalamika gari linakunywa mafuta na hujui kwa nini. Hayo ni ya injini zote. Lakini kuna injini ambazo thamostati yake ina kisahani cha pili upande wa chini, kinachofunga njia ya mkato maji yasirudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa hiyo, njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto inarudi ilikotoka. Kwa hiyo gari lililotolewa thamostati lisichemshe linachemsha zaidi, hasa mlimani.

Mimi nimezitoa, sikatai. Nikiwa kijana tulizitoa zote, tukazitundika kwenye msumari ukutani kama nyara. Mteja anataka aondoke leo, mshale unashuka, anafurahi. Miezi sita baadaye anarudi na ugonjwa uleule, umekua. Rejeta iliyoziba nusu inaweza kumudu gari lisilo na thamostati kwa muda, na muda huo ndio tulikuwa tunauuza.

Kama imekwama imefunga na uko porini, itoe ufike nyumbani. Ukifika, nunua nyingine. Kuipima hakuhitaji mashine: iweke ndani ya sufuria ya maji jikoni, itundike kwa uzi isiguse chini, chemsha na kipimajoto kando. Inapaswa ianze kufunguka karibu na namba yake, na maji yakikaribia 95 iwe imefunguka kama milimita 8 au zaidi. Ikitoka kwenye maji ifunge. Unapoirudisha, kile kitundu kidogo chenye kipini kinachocheza kielekee juu, ndicho kinachopitisha hewa.

Maji yanapungua na sioni yanapovujia.

Angalia asubuhi gari likiwa baridi, maana likiwa la moto tone linakauka kabla halijafika chini. Tafuta madoa, si matone: ukoko mweupe au wa waridi kwenye maungio ya mipira, kwenye mshono wa plastiki ya juu ya rejeta, na chini ya pampu ya maji, ambako kuna kitundu kilichowekwa makusudi kikuambie sili imekwisha. Plastiki ya rejeta iliyogeuka kahawia na kuwa kavu kama ganda la karanga itapasuka, suala ni lini. Inua kapeti la miguu ya abiria wa mbele. Likiwa limelowa, na kioo cha mbele kinapata ukungu wenye harufu tamu tamu, ni rejeta ya hita. Kwenye injini ambazo pampu inazungushwa na mkanda wa taimingi, kama 3S ya Noah za zamani, pampu inaweza kuvujia ndani ya kava usione kitu. Ndiyo maana ukibadilisha mkanda huo, badilisha na pampu, usije ukalipa ufundi mara mbili.

Gereji iliyojipanga ina pampu ya mkono yenye geji, inafungwa badala ya kifuniko na kujaza mgandamizo injini ikiwa baridi. Geji ikishuka, kuna tundu. Kama ikishuka na nje ni kukavu kabisa, basi maji yanaingia ndani ya injini.

Yaani gasketi ya silinda hedi?

Huenda. Dalili zake huja kwa makundi, moja peke yake isikuogopeshe. Asubuhi injini inamisi sekunde chache ikiwaka, kisha inatulia, kwa sababu usiku maji yalidondokea kwenye silinda. Moshi mweupe mzito wenye utamu unaoendelea hata injini ikishapata moto. Mpira wa juu unakuwa mgumu kama jiwe dakika mbili tu baada ya kuwasha, kabla maji hayajapata moto. Mapovu yasiyokoma kwenye shingo ya rejeta. Oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa na imepanda kwenye kijiti.

Sasa tahadhari, maana kuna watu wamefunguliwa injini isiyo na ugonjwa wowote. Moshi mweupe wa dakika chache asubuhi ya Julai huko Njombe ni mvuke wa kawaida wa ekzosi. Utelezi mweupe chini ya kifuniko cha oili peke yake, kwenye gari la kwenda sokoni na kurudi, mara nyingi ni unyevunyevu ambao haukupata safari ndefu ya kuukausha. Kabla hujakubali hedi ifunguliwe, dai kipimo. Kuna kichupa chenye dawa ya bluu kinachowekwa kwenye shingo ya rejeta na kuvuta hewa ya mle: kama moshi wa injini ya petroli unapenya, dawa inageuka njano. Kipimo cha kompresheni nacho hakichukui nusu saa kwa injini ya silinda nne.

Gasketi imethibitika. Nibadilishe gasketi tu?

Gasketi haikuungua kwa hasira zake. Injini ilichemsha kwa sababu fulani, hedi ikajikunja, gasketi ikaachia. Ukibadilisha gasketi na kuiacha sababu, umenunua mwezi mmoja.

Hedi ikitoka inawekewa rula iliyonyooka na kupimwa kwa fila geji, vile vipande vyembamba vya kupimia nafasi, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Kwa injini nyingi ndogo za Toyota kikomo cha kupinda ni milimita 0.05, wembamba unaolingana na unywele. Jicho halioni hilo, kwa hiyo fundi anayeangalia hedi kwa mwanga wa simu na kusema "hii nzima" anakisia. Iliyopinda inapelekwa kwa wenye mashine isagwe, na huko huko ipimwe nyufa, hasa kati ya valvu. Hedi za 1KZ, ile dizeli ya Prado na Surf, zina sifa hiyo ya kupasuka, na kusaga hedi yenye ufa ni kutupa pesa. Usisugue kwa msasa wa mkono juu ya meza. Na bloku nayo ipimwe.

Bolti za hedi kwenye injini nyingi za sasa zinakazwa kwa kuvutwa: toki kwanza, yaani nguvu iliyopimwa, kisha kuzungushwa kwa nyuzi. Zikishavutika kupita kipimo hazirudi. Zipimwe urefu au zinunuliwe mpya, zikazwe kwa hatua kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa spana ya toki. Fundi akikuambia mkono wake unajua, mkono huo ukague kwingine.

Kuhusu injini ya mtumba: kama hedi imepasuka na bloku imepinda, inaweza kuwa nafuu kuliko kufufua ya zamani. Lakini ikifungwa, weka thamostati mpya, mipira mipya, na rejeta iliyosafishwa. Kufunga injini nyingine kwenye rejeta ileile iliyoua ya kwanza ni jambo ninaloliona kila mwaka.

Niweke maji au kulanti? Joto letu halina barafu.

Kuzuia barafu ni kazi moja tu ya kulanti. Nyingine ni kuzuia kutu ndani ya alumini, kulainisha sili ya pampu, na kupandisha kiwango cha kuchemka: mchanganyiko wa nusu kwa nusu unachemka karibu na 107 hata bila kifuniko. Maji ya bomba, na zaidi maji ya kisima ya Dar es Salaam yenye chumvi, yanaacha magadi ndani ya rejeta kama yanavyoacha kwenye birika lako la chai. Fungua mfuniko wa birika uangalie, halafu fikiria mirija myembamba kuliko mrija wa soda.

Nunua iliyochanganywa tayari, au nunua nzito uchanganye na maji yaliyotoneshwa. Mwambie muuzaji wazi kwamba unataka maji yasiyo na asidi, kwa sababu ukisema "maji ya betri" unaweza kupewa kitu kingine kabisa. Ukikwama njiani, maji yoyote safi ni bora kuliko kukauka, ukifika, yamwagwe.

Rangi si kipimo. Nyekundu ya kampuni hii si lazima iwe sawa na nyekundu ya ile, na kijani vilevile. Soma maandishi. Aina zisizopatana zikichanganyika zinaweza kuganda kama uji mwepesi na kuziba mirija. Gari likitoka bandarini na hujui kilichomo, mwaga yote, suuza hadi maji yatoke meupe, anza upya. Ile ya waridi ya Toyota ya muda mrefu imepangiwa kilometa 160,000 kwa mara ya kwanza kisha kila 80,000. Za kijani za kawaida zihesabie miaka miwili.

Nimewekewa rejeta ya mtumba, sasa gia zinateleza.

Kama ni otomatiki, simamisha gari. Mafuta ya gia boksi hupozwa ndani ya tangi la chini la rejeta hiyo hiyo, kwenye mrija uliozamishwa. Mrija ukitoboka, maji na mafuta ya gia vinakutana. Vuta kijiti cha gia boksi: ukiona kitu cha waridi kama maziwa ya stroberi, hujachelewa sana bado, ila kila kilometa inahesabika. Rejeta ya mtumba ya Gerezani ipimwe kwa hewa pande zote mbili, ya maji na ya mafuta, kabla haijafungwa.

Yai? Pilipili manga? Dawa ya kuziba ya dukani?

Yai linaiva kwenye tundu, ni kweli. Linaiva pia kwenye mirija ya rejeta, kwenye hita na kwenye thamostati. Dawa za dukani zinafaa kwa tundu dogo la rejeta ukiwa mbali na mji, siku moja. Gasketi hazitibu.

Nimebadilisha kila kitu na bado linachemsha.

Swali langu la kwanza: hewa ilitolewa? Ukimwaga maji na kujaza upya, hewa inabaki imejificha juu ya injini na kwenye hita. Pandisha gari mahali penye mwinuko, pua iwe juu. Hita wazi kwenye joto la mwisho, kifuniko wazi, injini baridi ndiyo iwashwe. Jaza taratibu huku inapata moto. Thamostati ikifunguka maji yatashuka ghafla, ongeza. Endelea mpaka mapovu yaishe na hita itoe moto wa kweli. Kama kuna skrubu ya kutolea hewa, itumie. Hita inayotoa baridi wakati injini inachemsha inakuambia maji hayafiki huko.

Baada ya hapo nenda nje ya mfumo wa maji. Oili iko chini? Breki zimeshika, rimu moja ni ya moto kuliko nyingine? Ekzosi imeziba kwenye katalisti, kile kisafisha moshi, gari halivuti? Taimingi imechelewa? Yote haya yanatengeneza joto, na rejeta mpya haiyajui.

Kulanti ikimwagika sakafuni ina neno?

Ina sumu, na ina utamu, ndilo tatizo. Mbwa na paka wanailamba, mtoto naye anaweza. Mwagia maji mengi, fagia, na usiweke kamwe iliyobaki kwenye chupa ya soda. Akiinywa mtu, hospitali saa hiyo hiyo, usingoje dalili.

Naongeza lita moja kila asubuhi na linakwenda tu. Niliache hivyo?

Lete Jumatatu asubuhi, likiwa limelala, usiliwashe kabla sijalipima. Lita hiyo moja inakwenda mahali.